Ng'ombe Hawa Walikuwa Wanapita Wapi?

Kwa misimu mitatu nilikuwa na sentensi yangu moja. Niliisema mahali palepale kila safari, pale njia inapoacha kuwa barabara ya magari na kuwa kichochoro kati ya migomba. Nilisubiri wageni wanywe maji, wapumue, wageuke nyuma waone mji wa Arusha ukiwa chini yao. Kisha nikawaambia, kwa Kiingereza changu cha kazini, kwamba hapa watu wanaishi kama walivyoishi mababu zao. Kamera zilitoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni mababu gani, na wa mwaka gani.

Kijiji chenyewe ni Ng'iresi, kiko kwenye mteremko wa Mlima Meru, kilomita kama 7 kutoka katikati ya jiji. Wenyeji wake ni Waarusha. Ni matembezi ya watu wasio na haraka. Anayetaka kufika kileleni, mita 4,562, anapita lango la hifadhi upande mwingine wa mlima, anachukua askari mwenye bunduki na kulala njiani. Anayekuja Ng'iresi anahitaji viatu vya kawaida tu. Anapita kwenye kahawa, mahindi na maharage, akiwa na nguvu anapanda kilima cha Kivesi, anakula chakula cha mchana kwenye boma la mtu, na jioni yuko hotelini. Wengi wanatoka Serengeti au wanasubiri siku ya kuanza Kilimanjaro. Kwao hii ni siku ya kupumzika.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi hiyo wakati wa likizo za chuo. Boma mojawapo tulilosimama ni la bibi yangu, mama yake mama, ambaye wajukuu wote tunamwita koko, kama Waarusha wanavyowaita bibi zao. Wageni walipenda kwa koko. Nilikuwa nikifika nainamisha kichwa, anaweka kiganja chake juu, ananisalimia, na wageni wakawa wanaguna kwa furaha. Baadaye wengine nao waliinamisha vichwa, na koko aliwagusa wote bila ubaguzi.

Siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa na wageni wawili kutoka Uholanzi, mama mstaafu na binti yake. Mama alikuwa mtembeaji. Njiani alinieleza kwamba mwaka uliotangulia alikuwa Nepal, na alitembea siku chache kwenye vilima vya chini vya Himalaya hadi kwenye kijiji cha watu wanaoitwa Wagurung. Nyumba za mawe, ngazi za mawe, mashamba yaliyokatwa kama ngazi, bibi wazee waliowakaribisha chai. "Ni kama hapa," alisema. "Kule nako watu hawajabadilika." Nilikubali kwa kichwa. Ilikuwa sentensi yangu, ila imetoka kwa mtu mwingine.

Tulipofika kwa koko, yule mama alisimama mbele ya banda. Ndani kulikuwa na ng'ombe wawili na ndama, wamefungwa, wanakula majani yaliyokatwa na vipande vya mgomba. Akauliza kwa nini ng'ombe hawatoki nje. Alikuwa amesoma kwamba Waarusha ni ndugu wa Wamaasai, na Mmaasai aliyemwona njiani kutoka Serengeti alikuwa na ng'ombe zake uwanjani. Nilijibu upesi, kama anayejua. Nikamwambia kwamba kufugia ndani ni mila yetu huku mlimani.

Koko aliniuliza wanasema nini. Nikamtafsiria swali na jibu.

"Mila?" akasema. "Mila ya nani?"

Nikacheka kidogo, nikidhani anatania.

"Baba yangu hakufunga ng'ombe," akasema. "Ng'ombe walikuwa wanashuka. Waambie hivyo. Waambie walikuwa wanashuka mpaka kule." Akanyoosha kidevu kuelekea mjini, kwenye mabati yanayong'aa, kisha akarudi jikoni kuangalia loshoro yake.

Sikuwaambia wageni. Nilisema koko anawakaribisha chakula.

*

Nimeanza shahada ya uzamili ya historia tangu wakati huo, na ningependa kusema kwamba swali la koko ndilo lililonipeleka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaomba nafasi. Lakini kitu cha kwanza nilichokitafuta maktaba hakikuwa Meru. Nilianza na Wagurung, kwa sababu nilitaka kujua kama yule mama alikuwa sahihi kuhusu Nepal angalau.

Hakuwa sahihi. Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ilipigana na Nepal kuanzia 1814 hadi 1816, na hata kabla vita havijaisha, mwaka 1815, Waingereza walianza kuwaandikisha jeshini vijana wa milimani. Wagurung walikuwa miongoni mwao. Ndio hao dunia inaowajua kwa jina la Gurkha. Kwa karne mbili vijana wa vijiji hivyo wameondoka kwenda kupigana Ulaya, Burma na Malaya, kulinda Hong Kong, na kurudi na pensheni. Pensheni hizo zimejenga nyumba na kulipa ada za shule. Na mwaka 1986, kwenye kijiji cha Wagurung cha Ghandruk, ulianza mradi wa hifadhi ya Annapurna, ambao uliweka taratibu za kupokea wageni na kupunguza ukataji wa kuni msituni. Kwa hiyo mzee anayemkaribisha mtalii chai kwenye nyumba ya mawe huenda ameona miji mingi kuliko mtalii mwenyewe. Kijiji kile hakikukaa nje ya historia ya dunia. Kililipa gharama yake kwa vijana wake.

Niliposoma hayo niliona aibu. Kama mtu anaweza kutembea siku nzima ndani ya kijiji cha namna hiyo na kutoka akisema watu hawajabadilika, basi kosa si la miguu yake. Kuna mtu alimwambia hivyo njiani, kijana mwenye Kiingereza cha kazini kama mimi.

*

Tuanze na jambo ambalo linawashangaza hata baadhi ya wenzangu tuliosoma nao sekondari Arusha: Waarusha hawakuwa mlimani siku zote. Walitangulia Wameru, ambao walikuwa kwenye miteremko ya kusini mashariki muda mrefu kabla, na lugha yao ni ndugu wa Kichaga. Waarusha walifika baadaye, katika miaka ya 1830, kutoka Arusha Chini, kusini mwa Moshi. Walikuja wakiongea Kimaasai, wakiwa na marika ya Kimaasai, na walikuwa wakulima waliojua kumwagilia. Walifyeka msitu kwenye miteremko ya kusini magharibi. Baada ya muda migomba ambayo Wameru walikuwa nayo ikawa yao pia.

Kwa hiyo ile migomba ninayowaonyesha wageni kama alama ya "asili" ya Waarusha ni jambo walilojifunza kwa majirani. Kwa majirani hao hao walichukua wake, ng'ombe, na mara nyingine walipigana nao. Upande wa pili walikuwa na Wamaasai wa tambarare. Uhusiano huo ulikuwa wa nasaba na wa biashara: nafaka, asali na tumbaku zilishuka, mifugo ikapanda. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani iliyopita chini ya mlima kuelekea nchi ya Wamaasai nayo ilinunua chakula huku. Ugonjwa wa sotoka ulipoua ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya mwanzo ya 1890, Wamaasai waliofilisika walipanda mlimani kutafuta hifadhi, na wengine hawakurudi. Kuna koo za Waarusha leo zinazotokana na wageni hao.

Jambo ninalolitaka hapa ni moja. Uchumi wa mlima ulikuwa na ghorofa mbili. Juu kulikuwa na maji, migomba na mifereji. Chini kulikuwa na majani na chumvi ya mifugo. Mtu wa mlimani aliyekuwa na ng'ombe alihitaji ghorofa zote mbili, na aliweza kuzifikia kwa sababu katikati hapakuwa na ukuta.

*

Ukuta ulianza kujengwa mwaka 1896. Oktoba mwaka huo wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, kwa Wameru, kuanzisha kituo. Waliuawa usiku na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha. Hawakuwa wageni wa kawaida machoni pa wapiganaji hao. Walikuja mara baada ya Kapteni Kurt Johannes, ofisa wa Kijerumani aliyekaa Moshi, na alikuwa bado karibu na askari wake.

Kisasi kilikuwa kikubwa. Johannes alirudi na askari wake pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe na mbuzi wakachukuliwa, wanawake wakatekwa. Migomba haikatwi kwa bahati mbaya. Mtu anayekata mgomba wa adui yake anataka watoto wa adui huyo wakose chakula hata baada ya yeye kuondoka.

Kisha ikaja boma. Mwaka 1900 lilikuwa limesimama, kuta nyeupe ambazo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, umbali mfupi kutoka Mnara wa Saa. Lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru. Mwaka huo huo, Machi 2, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine 18, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Meru na Arusha. Familia za Kichaga bado zinalidai fuvu la Meli kutoka Ujerumani. Wageni wangu wengi walikuwa wamepita mbele ya boma siku moja kabla ya kuja kijijini. Kwao lilikuwa jumba la makumbusho, na kijiji kilikuwa kitu kingine. Mimi niliwasaidia kuamini hivyo, kwa sababu sikuwahi kuwaambia kwamba mababu wa kijiji hiki ndio waliolazimishwa kulijenga.

Baada ya boma wakaja walowezi. Makaburu walifika kutoka Afrika Kusini baada ya kushindwa na Waingereza katika vita vyao, wakapewa ardhi kuzunguka Meru. Wajerumani wengine wakafuata. Upande wa juu serikali ilichora mpaka wa msitu, na kuvuka mpaka huo kukawa kosa. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya Wajerumani yaliuzwa kama mali ya adui, na mengi yakaenda kwa walowezi wapya. Mwaka 1929 reli ilifika Arusha kutoka Moshi, na ardhi ya chini ikapanda thamani.

Wanahistoria wanaiita hali hiyo pete ya chuma: msitu wa serikali juu, mashamba ya walowezi chini, na watu katikati. Watu waliongezeka na pete haikupanuka. Ghorofa ya chini ilikuwa imechukuliwa, na aliyetaka kupitisha ng'ombe kuelekea kwenye majani ilibidi apite kwenye shamba la mtu mwenye hati, uzio na bunduki.

Basi wakafanya nini? Walifanya jambo ambalo kwenye vitabu vya kilimo lingeitwa maendeleo. Walipanda migomba kwa kubanana. Walipanda kahawa katikati, hata kama walowezi hawakupenda Mwafrika alime kahawa. Waligawa mashamba kwa watoto, na watoto wakagawa kwa watoto. Walikusanya samadi, na njia rahisi ya kuikusanya ni kumweka ng'ombe mahali pamoja. Kidogo kidogo, boma kwa boma, ng'ombe akaacha kushuka. Majani yakaanza kumfuata bandani, juu ya kichwa cha mwanamke.

Hiyo ndiyo niliyoiita mila.

*

Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa ya watu waliobanwa wakatulia. Haikuwa hivyo, na ushahidi uko upande wa pili wa mlima, kwa Wameru.

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza tatizo la ardhi la Arusha na Moshi. Watu walifikiri tume inakuja kulegeza pete. Ripoti ilipotoka ilipendekeza ardhi ipangwe kwa makundi ya rangi: eneo la Wazungu liwe la Wazungu bila kukatizwa, na Waafrika waliokuwa ndani yake wahamishwe. Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa mlima, iliwekwa upande wa Wazungu. Wameru walikuwa wakiishi na kuchunga pale, na sehemu ya ardhi hiyo walikuwa wameinunua kwa fedha zao baada ya kuporwa mwanzoni. Waliambiwa wahamie Kingori, chini zaidi, kwenye joto na mbung'o.

Walikataa. Novemba 1951 polisi walikuja. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa na kubomolewa, kanisa nalo likabomolewa. Wameru hawakurusha mkuki. Walikuwa wameshakubaliana wasipigane, ili dunia isipate kisingizio, na walikuwa wameshajua mlango wa kugonga.

Mlango wenyewe ulikuwa huu. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, na chini ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa wakazi wake waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini, New York. Wengi hawakujua, au walijua na wakaogopa. Wameru walichanga shilingi zao, wakamtafuta wakili, Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na wakamchagua kijana wao Kirilo Japhet aende naye. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza kilichotokea Engare Nanyuki. Ilikuwa miaka mitatu kabla Julius Nyerere hajasimama mbele ya Baraza hilo hilo.

Kesi ilishindwa kwa njia ya kiofisi. Kamati ya Baraza Kuu iliwaunga mkono Wameru, lakini kwenye kikao kikuu azimio halikupata theluthi mbili. Serikali ya Kiingereza haikurudisha watu. Hata hivyo Kirilo aliporudi alizunguka akiwaeleza watu alichokiona, na hadithi ya Engare Nanyuki ilisafiri katika nchi ambayo ilikuwa miaka miwili tu kabla ya kuzaliwa kwa TANU. Mwaka 1967 yeye na Seaton walichapisha kitabu kuhusu kesi hiyo.

Ninapofikiria mchango ule wa shilingi, huwa naona migomba. Fedha zile zilitoka kwenye kahawa, ndizi na maziwa, kwenye mashamba madogo kama ya koko. Watu wanaoelezwa kwenye vipeperushi kuwa wameishi vilevile tangu enzi na enzi walisoma mkataba wa kimataifa, wakakodi wakili kutoka kisiwa cha Atlantiki, na wakamkatia kijana wao tiketi ya New York.

*

Nisimwonee mtu. Utalii wa utamaduni ulioanza Tanzania katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, pamoja na Bodi ya Utalii, ulikuwa wazo zuri, na Ng'iresi ilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Kabla ya hapo mgeni alitua, akapita Arusha kwenye gari lenye vioo vya juu, akaenda kwa simba, akarudi, na mtu wa mlimani hakuona hata senti. Sasa sehemu ya ada inaenda kwenye kijiji, shule ya msingi ikanufaika, na akina mama wanaopika wanalipwa siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nililipa chumba cha chuo kwa fedha hizo. Koko alinunua tangi la maji.

Tatizo ni neno tuliloliuza. Kusema "asili" kwa mgeni ni rahisi na linampendeza, na bakshishi inakuwa nzuri. Lakini neno hilo lina kazi nyingine ambayo sikuijua. Ukisema watu wamekuwa hivi siku zote, umesema pia kwamba hakuna aliyewafanya wawe hivi. Banda dogo ni mila. Shamba lenye upana wa hatua ishirini ni mila. Mwanamke mwenye mzigo wa majani ni mila, piga picha. Jaji Wilson hayumo, Johannes hayumo, uzio haumo.

Msimu uliopita nilibadilisha maneno. Pale nilipokuwa nikisema sentensi yangu, sasa nawaambia wageni wageuke waangalie mji, kisha nawauliza wanafikiri ng'ombe wa kijiji hiki walikuwa wanakula wapi. Wengine wanachoka. Bwana mmoja aliniambia kwa upole kwamba amekuja kupumzika. Mwenzangu tunayeongoza naye alinionya kwamba naharibu biashara, na kuhusu bakshishi yuko sahihi kwa kiasi. Lakini wapo wanaosimama. Mjerumani mmoja mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba nimwandikie jina la Akeri kwenye daftari lake.

*

Ninayaandika haya kwa sababu ya mtu mwingine, si wageni.

Mwezi wa nne mjomba wangu aliitisha kikao cha familia kwa koko. Dalali wa viwanja amemletea mteja. Mji unapanda. Nyumba za vigae zimeshafika mahali ambapo nilipokuwa mtoto tulikuwa tunawinda ndege kwa manati. Mteja anataka kipande cha chini cha shamba la koko, chenye mandhari ya mji. Bei aliyoitaja ilifanya watu watazamane.

Mjomba si mtu mbaya. Ana watoto watatu shuleni na shamba ambalo, likigawanywa mara nyingine, halitatosha hata kusimika banda. Alisema kahawa hailipi, mifereji inakauka, na vijana hawataki kulima. Kila alilosema lilikuwa kweli.

Nikasimama, msomi wa familia, nikaanza kueleza. Nilieleza pete ya chuma, tume ya Wilson, Engare Nanyuki. Nilisema mababu walichanga shilingi wasipoteze ardhi, na sisi tunataka kuiuza kwa hiari. Nilijiona naongea vizuri.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, umesema kweli. Sasa ada ya muhula huu inalipwa na nani? Wilson?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka pia, kwa sababu sikuwa na jibu. Lakini usiku ule nililala nikifikiri kwamba swali lake na swali la yule mama wa Kiholanzi ni swali moja. Shamba limekuwa dogo kiasi hiki kwa sababu kuna aliyelifanya dogo. Mjomba hauzi kwa sababu amesahau mila. Anauza kwa sababu hesabu iliyoanzishwa na mtu mwingine, miaka zaidi ya mia iliyopita, imemfikia yeye akiwa ndiye wa mwisho kwenye foleni. Nikimlaumu kwa kupoteza "asili", nakuwa nimerudia sentensi yangu ya kazini, safari hii kwa Kiswahili.

Kikao hakikuamua. Koko alisema hatatia dole gumba kwenye karatasi yoyote mwaka huu, na mwaka ujao watamuuliza tena kama yupo. Mjomba alikubali, kwa heshima na kwa uchovu.

Asubuhi yake nilimsaidia koko kukata majani. Tulipomaliza kulisha, nilimwomba anionyeshe vizuri ile njia ambayo baba yake alimwonyesha. Tukasimama ukingoni mwa shamba, kwenye kipande kile kile ambacho mteja anakitaka. Akaanza kuhesabu kwa kidole, taratibu. Pale kwenye mkuyu, halafu wanapita kando ya mto, halafu pale penye kituo cha mafuta, halafu barabara ya Moshi, ambayo haikuwepo, halafu wanatawanyika.

"Unaandika?" akaniuliza.

Nilikuwa na simu mkononi, na nilikuwa naandika.

"Andika na jina la ng'ombe aliyekuwa anatangulia," akasema, akanitajia.